Dodoso Linasoma Nini Buyenzi?

Katika jarida hili tumezoea kuhakiki mashairi, nyimbo, na mara moja moja filamu. Leo nataka tuhakiki aina nyingine ya maandishi, ambayo sisi wakimbizi tumeichangia kuliko waandishi wowote ninaowajua: dodoso. Nyumba ina vyumba vingapi? Jana mlikula mara ngapi? Maji mnachota wapi? Nani nyumbani anaamua pesa itumikeje? Ambaye hajawahi kuulizwa maswali haya ni yule aliyevuka mpaka jana usiku, na hata yeye kesho asubuhi atafikiwa. Tumejibu, tumeweka dole gumba, tumesema asante. Ila ukiuliza kambini, au hapa mjini, ni nani amewahi kukisoma kitabu kilichotoka kwenye majibu yake, watu wanatazamana tu.

Nalileta jambo hili sasa kwa sababu kuna mtindo unaoenea. Watu wa mipango miji, wenye kampuni za kujenga nyumba za kuuza, na hata mashirika ya misaada, wote siku hizi wanasema: tusijenge kwa kubahatisha. Tutazame kwanza watu wa mtaa wanaishije, yani wananunua nini, wanatumia umeme kiasi gani, wanatuma pesa kwa simu mara ngapi, jioni wanatembea wapi, halafu data hizo zituambie pa kuweka soko, barabara, shule au ghorofa. Ukilisikia mara ya kwanza unasema, eeh, hatimaye! Kwani nani anapenda kujengewa na mtu asiyemjua? Mimi nafanya kazi na vijana wa Buyenzi na Kamenge, na nimeona choo kilichojengwa mahali ambapo hakuna msichana angethubutu kupita saa moja usiku. Mtu angeuliza tu, angeambiwa. Kwa hiyo sina ugomvi na kuuliza. Ugomvi wangu uko kwenye namna majibu yanavyosomwa, na nani anayasoma.

Kitabu ninachotaka tukifungue ni ripoti ya 2018 ya IFC, lile tawi la Benki ya Dunia linaloshughulika na kampuni za binafsi. Inaitwa Kakuma as a Marketplace, yani Kakuma kama soko. Wengi wetu tuna ndugu huko: kambi iliyofunguliwa 1992 katika Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, na jirani yake yakaongezwa makazi ya Kalobeyei, ambako Warundi na Wakongo hawakosekani. Watafiti waliwauliza watu wa kambi na wa mji wa Kakuma wanatumiaje pesa, wakajumlisha, wakasema matumizi ya mahali pale kwa mwaka yanafika kama dola milioni 56, na kwamba maduka yamepita 2,000.

Niseme kweli: nilifurahi nilipoisoma. Miaka yote tumeandikwa kama midomo ya kulishwa. Hapa anatokea mtu anasema hawa wananunua, wanauza, wanakopeshana, wana pesa kwenye simu. Mama wa vitenge ametoka kwenye safu ya walio hatarini, ameingia kwenye safu ya wafanyabiashara. Hilo si dogo. Na halikubaki kwenye karatasi, maana baadaye ulianzishwa mfuko wa mitaji ya kushindaniwa kwa kampuni zinazotaka kufanya kazi Kakuma na Kalobeyei, na wafanyabiashara wakimbizi wenyewe wakawa na mlango wao wa kuomba.

Sasa tuulize swali la kwanza la kila mwalimu wa fasihi: mhusika mkuu ni nani? Si mkimbizi. Mhusika mkuu ni mwekezaji. Ripoti haifichi jambo hilo, inaeleza wazi kwamba inaitazama kambi kwa jicho la kampuni inayotaka kuingia nchi mpya au mji mpya. Yeye ndiye anayesafiri, ndiye anayegundua, ndiye anayepewa ushauri mwishoni. Sisi ni mandhari. Mandhari yenye pesa kidogo mfukoni, lakini mandhari. Ndani ya kitabu kizima sisi tunataka kununua, na kuuza, na kukopa. Hakuna mtu ndani yake anayetaka kivuli, au mahali pa kuzika, au ukuta wa kutosha kiasi kwamba mtoto wa jirani asikusikie ukilia. Vitu hivyo havina bei, kwa hiyo havikuingia.

Swali la pili ni gumu zaidi: lile linaloitwa tabia ya matumizi ni tabia ya nani? Tangu 2015 Kakuma kuna Bamba Chakula, pesa ya chakula ambayo WFP huituma kwenye simu. Ilianza kwa masharti: unanunua chakula, na unanunua kwa mwenye duka aliyesajiliwa. Mtu wa data akitazama manunuzi, anaona familia fulani inachukua unga, maharage, mafuta na sukari, kila mwezi, duka lile lile, anaandika kwamba hivi ndivyo watu hawa wanavyopenda kuishi. Hapana bwana. Hiyo ni kanuni, siyo mapenzi. Ukimfungia mtu kwenye chumba chenye mlango mmoja halafu ukahesabu ametoka mara ngapi kwa mlango huo, utasema ni mlango anaoupenda. Sisemi waandishi hawakuijua Bamba Chakula. Nasema namba za manunuzi peke yake haziwezi kutenganisha kile mtu anachokichagua na kile alichobakiziwa, na mtu anayekuja kujenga soko au nyumba juu ya namba hizo anajenga juu ya mgao.

Na mgao hubadilika. Mwaka 2025, fedha za misaada zilipopungua sana, familia za Kakuma na Kalobeyei ziligawanywa katika makundi manne kufuatana na zilivyoonekana kujiweza. Kundi la kwanza linapata zaidi, la nne halipati chakula kabisa. Watu waliandamana. Hebu fikirini: mwaka 2018 kusema una kaduka ilikuwa habari njema, ukawekwa kwenye kitabu cha kuvutia matajiri. Miaka saba baadaye, kaduka hako hako ndiko kanaweza kukushusha kwenye orodha ya chakula. Jibu ni moja, mama ni yule yule, meza yake ya nyanya haijaongezeka hata ubao. Kilichobadilika ni msomaji. Ndiyo maana nawaambia vijana wetu kwamba dodoso siyo kioo. Ni barua, na unaiandika bila kujua itafunguliwa na nani.

Sasa tuichukue njia hiyo hiyo tuilete Bujumbura. Tuseme kuna mwenye mtaji anataka kujenga Buyenzi, na ameshauriwa aanze na data za mtaa. Atapewa nini? Kwanza Cash Power, ule umeme wa REGIDESO tunaolipia kabla ya kuwasha. Lakini anayeijua Buyenzi anajua lupango lilivyo. Mbele kuna nyumba ya mwenye kiwanja. Nyuma kuna vyumba vya kupanga, mstari mmoja au miwili, kila mlango familia. Mita ni moja. Wapangaji wanachanga, mmoja anatumwa kununua umeme, jina linalotokea ni la mwenye nyumba, ambaye pengine alishafariki na watoto wake wako Dar es Salaam. Kwenye kompyuta hiyo ni nyumba moja inayokula umeme kama mheshimiwa wa Kiriri. Bomba la maji nalo hivyo hivyo, moja lenye kufuli, ufunguo unashikwa kwa zamu.

Simu ndiyo usiseme. Wakala wa Lumicash chini ya mwavuli wake anatuma pesa za watu kumi wasio na simu. Kuna baba ana laini tatu, kuna nyumba ina laini moja kwa watu saba, kuna laini zilizo kwa jina la jirani. Mtu anayechora ramani ya mtindo wa maisha kutokana na laini hizo atachora maisha ya wakala.

Halafu barabara. Avenyu za Buyenzi zina namba, hazina majina, na kwenye picha ya setilaiti zimepangwa vizuri kabisa, mistari imenyooka. Mpimaji anaona njia za magari. Lakini avenyu kwetu ni karakana: fundi amelaza gari katikati, amelala chini yake, na kijana anayejifunza kazi anampa spana. Avenyu ni sebule ya wale ambao chumba chao kinaenea kitanda tu. Avenyu ni ukumbi, maana turubai la msiba au la harusi likifungwa toka ukuta hadi ukuta, magari yanazunguka bila mtu kugomba. Mwezi wa Ramadhani, magharibi, avenyu ni meza. Ukiipima kwa mwendo wa magari utaandika kwamba kuna msongamano, njia ipanuliwe. Ukiipanua, umebomoa sebule za watu ambao hawakuandikwa kuwa na sebule.

Tusidhani hii ni mara ya kwanza mji huu kupangwa kwa kutazama watu wanavyoishi. Enzi za Wabelgiji, mji ukiitwa Usumbura, kila aina ya maisha ilipewa sehemu yake: Wazungu Rohero na juu Kiriri, Wahindi na Waarabu wenye maduka katika mtaa wa Waasia, na Waafrika katika Buyenzi na Belge, hii tunayoiita sasa Bwiza. Buyenzi ilikuwa ya Waswahili, yani watu wa ziwa waliotoka Ujiji, Manyema na ng'ambo ya Rusizi, Waislamu wengi. Mitaa hii ya Waafrika kwenye maandishi ya serikali iliitwa centre extra-coutumier, mahali pa watu walio nje ya mila. Jina hilo lenyewe ni data ya mtindo wa maisha. Huyu anavaa kanzu, anafanya biashara, hana chifu wa kumsalimia, basi aishi hapa, kwa mistari iliyonyooka ili ahesabike vizuri. Kumbe walikuwa na mila zao, tena nyingi. Hazikuwa tu kwenye fomu.

Miaka ya 1950 ikaja OCAF, ofisi ya Wabelgiji ya makazi ya Waafrika, iliyojenga Kongo na huku Ruanda-Urundi. Wenzetu wa Bukavu wanaifahamu kwa Bagira. Hapa ilijenga Ngagara, na wazee mpaka leo wanasema naenda Ocaf. Nyumba zile zilichorwa kwa ajili ya mtu waliyemfikiria: karani, mke mmoja, watoto, mshahara wa mwisho wa mwezi. Zilikuwa imara, sibishi, ukuta wake umeshinda mingi ya leo. Lakini karani alikuwa na mama yake, na wapwa waliokuja kusoma, na baadaye vita vikaleta wengine. Watu wakaongeza chumba, wakaongeza kibanda, wakafunga ua. Ukipita Ngagara sasa, nyumba ya OCAF mara nyingi utaikuta iko ndani ya nyumba nyingine, kama kokwa ndani ya embe. Nikitaka kujua watu walitaka nini miaka ile nasoma vibanda vilivyoongezwa, kuliko ramani ya ofisi.

Kwingine duniani nao wana historia hii. London, kuanzia 1886, Charles Booth aliandika hali za watu nyumba kwa nyumba na kupaka ramani rangi, manjano kwa matajiri, nyeusi kwa wale aliowaita waovu, karibu wahalifu. Nia yake ilikuwa kuonyesha umaskini ili upunguzwe, na ramani ile ilisaidia, lakini hebu jiweke kwenye nyumba iliyopakwa nyeusi. Marekani, miaka ya 1930, shirika la serikali la mikopo ya nyumba lilipaka mitaa rangi nne, na mitaa ya Wamarekani weusi ikapata nyekundu, maana yake mkopo hapa ni hatari. Watu wakakosa mikopo, nyumba zikachakaa, na uchakavu ukawa ushahidi kwamba rangi ilikuwa sahihi. Miaka ya 1970, kule kule, kampuni ya Claritas ikaanza kuuza mfumo ulioitwa PRIZM, unaozigawa sehemu zote za nchi kwa aina za maisha, ili muuza magari ajue barua za matangazo azipeleke wapi. Msingi wa biashara hiyo ni wazo moja: watu wa mtaa mmoja hufanana.

Msomaji wa Bujumbura akifika kwenye wazo hilo anapata baridi. Mwaka 1994 na 1995 tuliambiwa hivyo hivyo kwa bunduki. Kamenge na Kinama zikawa za Wahutu, Ngagara, Nyakabiga, Musaga na Cibitoke za Watutsi, na aliyekuwa upande usio wake alikimbia au alikufa. Ukisema unakaa wapi, umeshasema wewe ni nani. Bwiza na Buyenzi, zilizokuwa zimechanganyika, nazo zilishambuliwa Machi 1995. Pamoja na hayo, ukikaa na wazee wa Buyenzi watakuhadithia malupango ambayo hayakukubali kuchaguana, ambako mpangaji wa mlango wa tatu hakuulizwa kabila lake kwa sababu alikuwa mpangaji wa mlango wa tatu. Sijui mfumo wowote wa kugawa mitaa kwa mtindo wa maisha ambao una kisanduku cha jambo hilo.

Daftari lingine tunalolijua ni daftari la nyumba, lile la kifaransa linaitwa cahier de ménage. Tangu mgogoro wa 2015, katika mitaa ya Bujumbura kaya zilitakiwa kuwa nalo: majina ya wote wanaolala ndani, na mgeni akija aandikwe. Polisi wakipita kwenye msako wanaliomba. Wako waliosema linasaidia usalama, wako walioacha kupokea wageni. Na 2018 serikali iliyataka mashirika ya kigeni yafuate mgawanyo wa kikabila kwa wafanyakazi wao, yakasimamishwa mpaka yatimize, na Handicap International likachagua kufunga kazi zake nchini kuliko kuorodhesha watu wake kwa kabila. Wafanyakazi wa mashirika wanaosoma hapa wanalikumbuka vizuri jambo hilo. Nalitaja kwa sababu moja. Mlipoambiwa ninyi wenyewe mjaze fomu inayosema ninyi ni nani, mlijua mara moja kwamba fomu inaweza kuumiza. Sisi tunapouliza fomu yenu inakwenda wapi, tunauliza swali lile lile, siyo kwamba hatuna shukrani.

Gatumba nitaisema kwa ufupi, kwani wapo wasomaji wetu walioondokewa pale. Usiku wa 13 Agosti 2004 wakimbizi Wanyamulenge zaidi ya 150 waliuawa kwenye kambi ya muda, kilomita chache kutoka mpaka. Warundi waliorudi kutoka uhamishoni walikuwa kwenye mahema yao upande mwingine wa eneo lile lile. Washambuliaji hawakuhitaji orodha. Mpangilio wa mahema uliwaambia nani yuko wapi. Anayepanga makazi ya watu waliokimbia, kama walivyopanga Musenyi huko Rutana, eneo lililojaa haraka mwaka 2025 maelfu walipovuka kutoka Kivu ya Kusini, anaandika habari juu ya ardhi, na habari hiyo inasomeka toka mbali.

Je, kuna mfano wa data za mtaa zilizosomwa vizuri? Upo, na siyo mkamilifu. Nairobi, Agosti 2017, serikali ya kaunti iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la kupangwa. Mukuru ni Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani, mabanda kati ya viwanda, kaya laki moja hivi. Jambo la kuvutia ni lililotangulia. Wakaaji wenyewe, kupitia Muungano wa Wanavijiji, walikuwa wanajihesabu miaka mingi: nani anamiliki kibanda, nani anapanga, choo kimoja kinatumiwa na milango mingapi. Wakishirikiana na watafiti wakaonyesha kwamba mtu wa Mukuru analipa maji na umeme kwa bei ya juu kuliko watu wa mitaa ya kitajiri, kwa huduma mbovu zaidi. Namba hiyo ina mhusika mkuu tofauti kabisa na ile ya dola milioni 56. Haisemi hawa wana pesa, njooni mwauzie. Inasema hawa wanaibiwa. Kisha kaya kumi kumi zikawekwa pamoja kama nyumba kumi, zikachagua wasemaji, na mpango ukajadiliwa toka chini.

Na bado. Mwishoni mwa 2021 matingatinga yaliingia Kwa Njenga kwa ajili ya barabara, watu kama 40,000 wakabaki nje. Waliokuwa wamehesabiwa vizuri kuliko wakaaji wa mabanda wowote ninaowajua. Kwa hiyo anayetuambia tatizo ni ukosefu wa data, mwambieni aende Mukuru. Tofauti ni kwamba watu wa Mukuru walikuwa na nakala. Walijua kilichoandikwa, kwa hiyo walijua cha kudai.

Hapa kwetu, takwimu nyingi zinazoonyeshwa kwenye mikutano bado zinaanzia sensa ya 2008, iliyoipa Bujumbura watu 497,166. Mji wa leo siyo ule. Komini 13 zikawa tatu mwaka 2014, Mukaza, Muha na Ntahangwa, Buyenzi ikawa zoni ndani ya Mukaza. Nyumba zimepanda Carama na kuendelea. Kwa hiyo naelewa hamu ya kupata data mpya, na naelewa kwa nini mwenye mtaji atapendelea data za simu ambazo ni za wiki iliyopita. Ila angalieni usiku wa 9 Februari 2014. Mvua ilishuka kutoka milimani, mabonde yakafurika, maji yakapita juu ya Kamenge, Kinama na Gasenyi, wakafa zaidi ya 60, wengi wakiwa wamelala. Hakuna namba ya matumizi ya umeme au ya manunuzi ambayo ingewaokoa. Kilichotakiwa ni kujua maji yanapita wapi na nani kalala pale, na hilo mtoto wa Kinama analijua. Atakuonyesha ukuta uliobaki na alama, atakuambia kibanda kile kilijengwa juu ya mfereji na aliyejenga ni nani. Mtindo wa maisha wa mtu maskini mjini, sehemu kubwa, ni kupajua mahali pa hatari na kulala hapo hapo, kwa sababu kodi yake ni ndogo.

Wafanyakazi wa mashirika mtaniuliza, sasa unataka tufanye nini? Jibuni kwanza mlilouliza. Mkimaliza kukusanya, rudini na majibu kwa Kiswahili na Kirundi, yasomwe kwa sauti, kwenye ua wa msikiti, wa kanisa, popote, na watu wapate kusema hapa mmekosea, hapa mmetuchanganya na lupango la jirani. Najua mtasema bajeti haina mstari wa kurudi. Nimeshaambiwa hivyo na kiongozi wa mradi mmoja, kwa upole kabisa, baada ya siku kumi za vijana wetu kutembea juani na tableti zake. Bajeti ilikuwa na mstari wa fulana.

Sisi kikundini tumeanza na karatasi kubwa nne zilizogundishwa pamoja. Vijana wamechora avenyu chache kwa kalamu: bomba linalofungwa saa ngapi, taa iliyokufa, maji yanapoingia mvua ikinyesha, kona ambayo wasichana wanaizunguka, mahali turubai la msiba linapofungwa. Majina ya watu hayamo, wala idadi ya wanaolala ndani, hilo tulikubaliana siku ya kwanza. Tunachobishania ni kwamba kuna shirika limeomba kuipiga picha. Nusu wanasema tuwape, labda taa itarudi. Binti mmoja wa Fizi, mkimya sana kwa kawaida, alisema hapana, kwa sababu kona ya wasichana ikijulikana kwenye ofisi itajulikana pia na wasiotakiwa kuijua. Mmoja akapendekeza tuwape karatasi tatu, ile ya nne tubaki nayo. Karatasi zimekunjwa, ziko juu ya kabati, na Jumamosi tunaendelea na mjadala.